Marseille kwa begi moja: tazama upepo kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: msafiri wa begi la mgongoni, mwenye siku tatu na pesa za kuhesabu, aanzie wapi akifika Marseille, kusini mwa Ufaransa? Aanzie kwenye utabiri wa upepo. Vivutio vya mji vinajulikana. Kinachowaharibia watu safari ni kwenda mahali siku ambayo si yake.

Mistral ni upepo mkavu unaoteremka bonde la mto Rhône kutoka kaskazini. Hauna kalenda kama kaskazi na kusi zetu: huvuma Januari, huvuma Julai, na ukichachamaa hupita kilomita 100 kwa saa. Hila yake ni kwamba husafisha anga ikabaki bluu tupu, mgeni akadhani leo ndiyo siku ya boti. Boti za kwenda ngome ya kisiwani ya Château d'If huondokea Vieux-Port, bandari ya zamani, lakini gati la kisiwani liko wazi kwa mawimbi. Upepo ukizidi haziwezi kufunga hapo. Zitakupeleka visiwa vya Frioul tu, au zisitoke kabisa. Uliza asubuhi hiyohiyo kabla ya kukata tiketi.

Kuogelea nako kuna mtego. Mistral husukuma maji ya juu, yaliyokwisha pata joto, kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Ndiyo maana katikati ya kiangazi bahari inaweza kushuka chini ya nyuzi 18 ghafla, huku barabarani watu wanatokwa jasho.

Upepo huohuo hufunga njia za Calanques, vile vihori vya bahari vyenye kuta za mawe ya chokaa, kwa sababu cheche moja inatosha kuwasha msitu mkavu. Kuanzia Juni hadi Septemba mamlaka hutangaza kila jioni hali ya kesho kwa rangi. Ikiwa nyekundu, usijisumbue kupanda basi. Kihori cha Sugiton kinadai zaidi: siku za msimu wa watu wengi lazima uwe umeweka nafasi mtandaoni. Ni bure, ila wanaingia watu 400 tu kwa siku.

Kufika Sugiton, panda metro hadi Castellane, kisha basi B1 hadi mwisho wa njia, Luminy. Kutoka hapo ni mwendo wa kama saa moja, sehemu kubwa ukiteremka, na hapo ndipo wengi hujidanganya: maji wanayamaliza wakienda, mlima wanaukuta wakirudi, saa nane jua likiwa limewaka. Beba lita mbili kila mtu, maana ukishaiacha Luminy hakuna bomba. Ndala acha hosteli. Mawe yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza kama kigae kilicholowa. Moto, sigara na kulala humo vimekatazwa.

Sasa begi. Stesheni ya Saint-Charles iko juu ya kilima, na ngazi zake kuu zina vidato 104. Kushuka nazo kunapendeza. Kuzipanda na kilo 15 mgongoni ni adhabu. Ukiwa na mzigo, shika metro M1, vituo viwili tu hadi Vieux-Port. Begi la lita 40 lenye kilo nane linatosha siku tatu. Njoo na kufuli lako, kwani hosteli nyingi hutoa kabati bila kufuli. Chumba ukikipata alasiri, omba begi libaki mapokezi tangu asubuhi.

Chakula nafuu kiko Noailles, mtaa wa soko ulio hatua chache kutoka Canebière, barabara kuu ya katikati ya mji: mikate bapa, zeituni, tende, mafungu ya matunda. Usishangae ukisikia salamu inayokaribia Kiswahili, kwani Wangazija ni wengi mjini humu. Tafuta pia panisse, unga wa dengu uliopikwa ukaganda, ukakatwa vipande na kukaangwa. Bouillabaisse ya kweli, mchuzi wa samaki wa aina nne au zaidi, si chakula cha bajeti hii. Ile ya bei ya kutupa karibu na bandari ya zamani iache ilivyo. Na simu isikae juu ya meza ya mgahawa wa nje, hata kwa dakika moja.

Siku ya mistral iweke kwa mtaa wa Le Panier, ambao vichochoro vyake vyembamba huvunja upepo. Ingia Vieille Charité, jengo la kale lenye makumbusho. Maonyesho ya kudumu ya makumbusho ya jiji ni bure. Mucem, makumbusho ya ustaarabu wa Mediterania iliyofunguliwa 2013, hutoza kiingilio kwa maonyesho, lakini bustani za ngome ya Saint-Jean iliyo ubavuni mwake hazina malipo. Mucem hufungwa Jumanne, makumbusho ya jiji Jumatatu.