Kabla ya Kufuga Simbilisi au Hamsta, Nunua Mizani

Watu wanaotaka kufuga simbilisi (guinea pig), hamsta (mnyama mdogo wa jamii ya panya) au panya wa kufugwa huniuliza kwanza kuhusu kizimba. Mimi huwauliza kama wana mizani ya jikoni. Porini, wanyama hawa ni windo la bundi, nyoka na kila mwenye meno, na anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa. Ndiyo maana huficha ugonjwa hadi mwisho kabisa. Ukimkuta amejikunyata kwenye kona, manyoya yamemsimama na hataki kula, ujue hali hiyo haikuanza leo, na mizani ingekuonyesha mapema.

Simbilisi wangu nawapima kila wiki, siku ileile, kabla hawajala, na naandika gramu kwenye daftari. Mkubwa mwenye afya huwa kati ya gramu 700 na 1,200 hivi. Gramu chache kupanda na kushuka hazinisumbui, kwa sababu tumbo likijaa tu uzito unabadilika. Kinachonishtua ni uzito unaoshuka wiki hii na wiki inayofuata.

Nina jike mmoja ambaye alikuwa bado anakimbilia mlangoni akisikia mfuko wa majani ukichakacha, anapiga mluzi kama kawaida. Mizani ndiyo iliyosema kuna tatizo. Nikakaa chini nikamtazama akila: alichukua jani, akalitafuna kidogo, likamponyoka. Chini ya kidevu manyoya yalikuwa yamelowa mate. Daktari alipomfungua mdomo, magego ya chini yalikuwa yamerefuka hadi kuinamia ulimi. Mnyama alikuwa na njaa kweli, ila hakuweza kumeza. Alikatwa meno, nikamlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, chakula kilichosagwa laini, usiku na mchana, mpaka akaanza kula mwenyewe.

Meno ya simbilisi hayaachi kuota maisha yake yote, na yanasagika kwa kutafuna nyasi kavu. Nyasi ziwepo saa 24, ziwe ndizo chakula kikuu. Chakula cha punje kiwe kidogo tu. Zaidi ya hapo, simbilisi, kama binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C. Akiikosa anavimba viungo na kutokwa damu kwenye fizi. Mimi nawapa pilipili hoho na majani mabichi kila siku. Matone ya vitamini kwenye maji ya kunywa siyapendi, kwa kuwa nguvu yake hupotea haraka.

Suala la kuishi na wenzake linachanganya watu wengi. Simbilisi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake ananyong'onyea. Uswisi imekataza kisheria kumfuga mmoja tangu 2008. Hamsta wa Syria, ile aina kubwa, ni kinyume kabisa: akishakomaa, ukimwekea mwenzake watapigana hata kuuana. Na usimwamini muuzaji anayekuhakikishia kwamba simbilisi wawili anaokuuzia ni majike. Mwombe daktari akague. Dume la simbilisi linaweza kumpa jike mimba likiwa na wiki tatu hivi, jike linaweza kushika mimba saa chache baada ya kuzaa, na likichelewa kupata mimba ya kwanza mpaka miezi saba au zaidi, mifupa ya nyonga huwa imeshaungana na uzazi unaweza kumuua. Hamsta wa Syria hubeba mimba siku 16 hivi tu.

Harufu inadhibitika. Ondoa tandiko lililolowa kila siku, maana mkojo ukikaa hutoa amonia inayounguza mapafu yao, na panya hasa ni wepesi wa kuugua kifua. Maranda ya mwerezi usiyatandike kabisa.

Kwa watoto wadogo simshauri mtu hamsta. Analala mchana, akiamshwa anauma, na akiangushwa anavunjika. Mtu mzima ndiye awe mwenye mnyama. Mtoto asaidie kulisha kisha anawe mikono.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote ni daktari, na umtafute kabla hujanunua mnyama. Mzoefu wa mbwa na ng'ombe anaweza kuwa mzuri sana katika kazi yake na bado asijue kwamba penisilini au amoksilini ya kunywa huua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi au hamsta, na mnyama akafa kwa dawa. Muulize waziwazi: umeshawahi kutibu hawa? Ukihitaji kuwapa antibayotiki, unatumia ipi? Unaweza kukata magego? Akijibu kwa kusitasita, tafuta mwingine, na namba yake uibandike kando ya kizimba. Simbilisi asiyekula kwa nusu siku ni mgonjwa wa dharura, na matatizo hayo hupenda kutokea usiku wa sikukuu.