Chembe nyeupe zimepanda, kinga imeshuka

Vidonda vya tumbo vilipoziba njia ya chakula, nilikatwa sehemu ya tumbo. Majibu ya damu ya kesho yake yalionyesha chembe nyeupe zimepanda, na dada yangu akafurahi: "Si ndio askari wa mwili hao? Umeshapona!" Nesi akacheka, akatuwekea kidole kwenye mistari miwili ya ile karatasi. Zilizopanda ni nyutrofili, zinazokimbilia kwenye jeraha. Limfosaiti, zinazopambana na virusi na kukumbuka magonjwa ya zamani, zilikuwa zimeshuka.

Operesheni kubwa ndivyo inavyofanya. Mwili ukikatwa humwaga homoni ya kotisoli. Nyutrofili hutoka kwa wingi kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, limfosaiti hupungua kwenye damu, hasa za aina ya T. Baadaye mizani hurudi yenyewe. Upasuaji wa matundu madogo huiyumbisha kidogo kuliko mkato mrefu, kwa hiyo uliza kama unakufaa.

Shida ni kwamba kipindi hichohicho ndicho nyumba inajaa. Majirani, wanajumuiya, watoto wenye makamasi, wote wanataka kukushika mkono. Tafuta ndugu asiye na haya umweke mlangoni. Kwangu alikuwa shangazi: anapokea chupa ya uji, anauliza, "Mwanangu, mbona unakohoa?" na mwenye kikohozi anatoa pole kupitia dirishani. Walionuna walinuna.

Wewe mwenyewe, kohoa. Tumbo likiuma mtu hubana kifua, makohozi hulala kwenye mapafu, nimonia inapata nafasi. Kumbatia mto juu ya mshono, vuta pumzi ndefu, ukohoe. Usione aibu kudai dawa ya maumivu, na wakikuruhusu kushuka kitandani, tembea.

Chakula ni kidogo kidogo, mara nyingi: yai, samaki, maharage yaliyolainika. Uji mtamu wanaokuletea kwa upendo unaweza kuporomoka haraka kwenye utumbo ukakutoa jasho na moyo kwenda mbio. Tena kidonda na chembe za kinga vinahitaji protini, na sukari haina.

La mwisho huchelewa kujitokeza. Tumbo ndilo linalotengeneza protini ya kusaidia kufyonza vitamini B12, ambayo uboho unaitumia kutengeneza chembe za damu, nyekundu na nyeupe. Akiba iliyo kwenye ini huweza kudumu miaka, hivyo utajiona mzima kabisa, kisha uchovu na ganzi ya miguu vianze. Kabla ya kuruhusiwa, muulize daktari: nimekatwa kiasi gani, nitapimwa B12 lini, na je, nitahitaji sindano?