Maswali yenu: hedhi inayorukaruka, tumbo linalosokota na mkojo unaovuja

Binti yangu ana miaka 13, alivunja ungo mwaka jana. Mara anaona siku zake baada ya siku 26, mara 40. Nimpeleke hospitali?

Bado, mama. Miaka miwili mitatu ya mwanzo yai halipevuki kila mwezi, na kwa umri wake hata siku 45 kati ya hedhi na hedhi si ajabu. Mpeleke ikipita miezi mitatu bila kuona, damu ikizidi siku saba, au pedi ikilowa chapachapa kila baada ya saa moja au mbili.

Nina miaka 26. Siku mbili za kwanza za hedhi siendi kazini, nalala nimejikunja. Naambiwa nitapona nikizaa.

Mtoto si dawa, dada. Wapo wanaopata nafuu wakiwa wajawazito, kisha maumivu yakarudi hedhi iliporudi. Na asiyetaka kuzaa, au asiyejaliwa, aambiwe nini?

Kizazi ni msuli. Wakati wa hedhi utando wake wa ndani hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoukaza msuli huo ili utando utoke. Zikizidi, tumbo husokota, na wengine huharisha au kutapika. Ibuprofeni hupunguza kemikali hizo zisitengenezwe, ndiyo maana haifai kungoja mpaka maumivu yapambe moto: meza mara dalili zinapoanza, ukiwa umekula, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, au unahisi una mimba, muulize mfamasia kwanza.

Lakini maumivu ya kukulaza kitandani kila mwezi yanahitaji uchunguzi. Mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa kizazi huota nje ya kizazi. Maumivu wakati wa tendo la ndoa, au ukienda haja kubwa siku za hedhi, yaelekeza huko. Ultrasaundi inaweza kutoka safi na ugonjwa ukawepo, kwa hiyo jibu la "hatujaona kitu" lisikufunge mdomo. Nenda na daftari. Usiandike "naumwa sana", andika "tarehe 4, nilimeza vidonge viwili, bado sikuweza kusimama kupiga mswaki." Maandishi ya namna hiyo ni vigumu kuyapuuza.

Nimejifungua miezi mitano iliyopita. Nikipiga chafya, mkojo unatoka. Naona aibu hata kumwambia mume wangu.

Wenzako ni wengi, ila hawasemi. Misuli inayokishikilia kibofu kwa chini imelegea kwa mimba na uzazi, nayo hurudishwa kwa mazoezi. Kaza kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, shikilia kwa sekunde chache, legeza kabisa. Rudia mara nane au zaidi, mara tatu kwa siku. Makalio yatulie, pumzi isibanwe, na usifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Lipe miezi mitatu kabla ya kulihukumu. Hali isipobadilika, muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Nina miaka 48, hedhi imepotea miezi minne. Niache uzazi wa mpango?

Usiache! Ukomo wa hedhi huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na kabla ya hapo yai linaweza kujitokeza bila kubisha hodi. Kwa aliye chini ya miaka 50, ushauri wa kawaida ni kuendelea kujikinga miaka miwili tangu hedhi ya mwisho.

Nina miaka 58, hedhi ilikoma zamani. Wiki iliyopita nimeona tone la damu. Shoga yangu anasema ujana umerudi.

Shoga yako ana utani mzuri, lakini wewe nenda hospitali wiki hii. Mara nyingi chanzo ni kukonda kwa ngozi ya uke au kinyama kidogo kisicho na madhara. Wakati mwingine ni saratani ya kizazi, ambayo ikishikwa mapema hutibika vizuri. Tone moja linatosha. Usisubiri la pili.