Kigari kimoja, mizigo tofauti

Mara ya kwanza nilipotaka kuonyesha kwamba nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kinachosogea, hutegemea tungamo (wingi wa maada, ule tunaoupima kwa gramu), nilichukua gololi, mpira wa gofu na mpira wa tenisi, nikaviviringisha kwenye ubao ulioinama vikagonge kiboksi, nipime kimesukumwa umbali gani: nishati zaidi, umbali zaidi. Matokeo yakawa vurugu tupu. Nililaumu ubao, kisha sakafu. Kumbe sikuwa nimebadilisha tungamo peke yake: ukubwa nao ulibadilika, ngozi ya nje nayo, hata tumbo la mpira. Wa tenisi ni mtupu ndani, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya nishati yake huishia kwenye kuzunguka, tofauti na wa gofu uliojaa.

Siku hizi natumia kigari kimoja, nakiongezea mizigo iliyofungwa kwa selotepu isichezecheze. Kila nikiongeza, nakipima upya kwenye mizani.

Kimo cha kuachilia kisiguswe. Wengi hudhani kigari kizito kitafika chini kwa kasi zaidi. Hapana. Msuguano ukiwa mdogo, kasi hutegemea kimo tu: kutoka sentimita 20 ni karibu mita 2 kwa sekunde, kiwe cha gramu 200 au 400. Nishati ndiyo inayopanda, kutoka jouli 0.4 hadi 0.8. Kama huamini, kirekodi kwa simu uhesabu mwenyewe. Na usikiachilie kwa mkono, kidole hakikosi kusukuma kidogo; kizuie kwa rula, kisha inyanyue.

Kilichonitesa zaidi ni kiboksi. Kikiwa chepesi na kikagongwa kikaruka mbele peke yake, kasi yake haiongezeki sana hata ukizidisha mzigo, basi umbali unakudanganya. Dawa yake ni kukata upande mmoja, kigari kiingie ndani, viburuzike pamoja mpaka visimame. Wepesi wa kiboksi ubaki palepale, maana kiboksi kizito hupoteza nishati nyingi kwenye mgongano wenyewe, na anayeumia zaidi ni kigari kisicho na mzigo. Hapo ukizidisha tungamo mara mbili, umbali unaongezeka zaidi ya mara mbili, nawe unabaki kukuna kichwa.

Rudia kila mzigo walau mara tano, utafute wastani. Andika hata kipimo kinachokuudhi. Mimi niliwahi kufuta kimoja kwa sababu kilikuwa "kibaya". Baadaye nikagundua ubao ulikuwa umeteleza, na vipimo vyote vilivyofuata ndivyo vilivyokuwa vibaya.