Anza na siki, samaki baadae: akwaponiki ya uani hapa Malindi

Ndugu zangu mnaoanza akwaponiki huku pwani, yaani kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yale yale yanayozunguka, kabla hujanunua samaki hata mmoja ingia jikoni chukua siki, ama ndimu kama siki hakuna, umwagie yale mawe unayotaka kupandia mboga. Yakitoa povu usiyatumie. Mimi hakuna alieniambia. Naishi Muyeye, vipande vya mawe ya matumbawe vimejaa uani tangu tulipojenga, nikaona mbona nipoteze pesa ya kokoto na hivi viko bure, nikajaza kitanda chote cha mboga. Miezi mitatu tangu nipande mrehani ukaanza kutoa majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani, mchicha umedumaa, na mimi nadhani samaki hawanyi vya kutosha basi nazidisha chakula! Kumbe jiwe la matumbawe ni chokaa, linayeyuka pole pole na kupandisha pH (kipimo cha asidi ya maji, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali), yangu nilipopima ilikuwa 8.2. Madini ya chuma ni haba kwa maji ya samaki hata mambo yakiwa mazuri, na pH ikipanda hivo hata kile kidogo kilichopo mmea hauwezi kukinyonya. Alafu kuna amonia, uchafu anaoutoa samaki, ile ile ambayo kwa pH 7 samaki anaivumilia, ukipita 8 na maji yakiwa moto kama ya wakati wa kaskazi inageuka sumu. Nilitoa mawe yote kwa karai siku mbili nzima na jua la Februari, sitaki hata kukumbuka.

Maji ya kisima pia pima, visima vyetu vingi vimechimbwa kwa mwamba huo huo na vingine vina chumvi. Tilapia chumvi anaivumilia, mboga nyingi haziwezi. Mimi sahii nakinga mvua ya masika kwa mabati nachanganya na maji ya mfereji, na ya mfereji nayaacha kwanza siku mbili kwa pipa wazi klorini itoke. Sasa cheka kidogo, maji ya mvua hayana chokaa kabisa kwa hivyo baada ya muda pH ikaanza kuporomoka upande wa pili, ikafika 6.2, na nilichoingiza kuiokoa ni yale yale mawe yangu ya matumbawe! Lakini ni nusu kilo tu kwenye mfuko wa wavu, naning'iniza kwa tangi ikirudi 6.8 natoa. Ukikaa kati ya 6.8 na 7.2 samaki, mboga na bakteria wote wanaelewana.

Bakteria ndio watu wanawaruka. Samaki anatoa amonia, nyingi kupitia matamvua sio kinyesi, kuna bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti ambayo pia ni sumu, alafu wengine wanaigeuza naitreti ambayo ndio chakula cha mboga. Kwa joto letu hao wanataka wiki nne mpaka sita kuzoea. Mimi nilitia vifaranga 60 siku ya kwanza kwa tangi la lita 1000, kufika wiki ya tatu nimebaki na 22, kila asubuhi nazika samaki chini ya mpapai na mke wangu ananiangalia tu. Weka kumi, walishe kidogo, pima, subiri. Naitraiti ikipanda punguza chakula na ubadilishe maji, na utie chumvi kilo moja kwa kila lita 1000, ile ya mawe ya Gongoni inafaa, isiwe ya mezani iliyotiwa ayodini. Chumvi inazuia naitraiti isiingie kwa damu ya samaki, kwa kiwango hicho mboga nyingi hazidhuriki ila usirudie kila wiki.

Haya, mifugo, hapa ndo napata maswali mengi. Kuna mtu alinishauri nijenge banda la kuku juu ya tangi, mavi yaanguke samaki wale, kwa sababu aliona bara wanafanya hivo. Wale wana mabwawa ya udongo, mbolea inaotesha mwani na samaki anakula mwani, ni mpango tofauti. Kwa akwaponiki maji hayo hayo yanazunguka kwenye mizizi ya mboga ambazo saa ingine unazila mbichi, na mavi ya kuku na sungura yanaweza kuwa na salmonela na ikolai, vijidudu vya kuumiza tumbo. Alafu yakioza yanamaliza hewa kwa maji. Kwa hivyo hapa kwangu kinyesi cha mnyama mwenye damu moto hakiingii kwa maji hata tone. Nilikua na bata wawili waliogundua tangi ni zuri kuogelea, nikawauza wiki ile ile.

Muungano wenyewe wa mifugo, samaki na mboga unapita nje ya maji. Majani ya chini ya mchicha na sukuma yaliyozeeka wanakula sungura na kuku. Mavi ya sungura yanaenda kwa mboji, mboji inaenda kwa migomba. Tope linalobaki kwa kichujio cha samaki namwagia mipapai kila Jumamosi, na matumbo ya samaki nachemsha kwanza ndo kuku wanapata. Maganda ya ndizi na embe nafugia funza wa nzi mweusi, hao ni chakula cha kuku na tilapia pia, lakini nawalea kwa mabaki ya jikoni, sio kwa kinyesi. Kwa beseni la pembeni naotesha azola, kimmea kidogo kinachoelea juu ya maji, kuku wanaipigania.

Usilishe kwa kukisia. Kwa mboga za majani hesabu gramu 40 mpaka 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja mraba ya mboga, na kwa lita 1000 anayeanza asipite kilo 20 za samaki wakishakua. Chakula wasichomaliza kwa nusu saa toa.

Stima ikipotea usiku una masaa machache tu, samaki watakuja juu midomo wazi. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri kabla hujanunua kitu kingine cha urembo. Kama kwako stima ni ya kubahatisha anza na kambare, huyo anavuta hewa juu mwenyewe, ila watenganishe kwa ukubwa kwa sababu mkubwa anamla mdogo bila aibu.

Mboga iliyonirudishia pesa haraka ni mrehani, ule wa majani mapana Wataliano wa mahoteli wanauulizia, na wetu wa kienyeji akina mama wanachukua wa vikuba, vile vishada vya majani na maua ya kunukia. Wadudu wakiingia usipulize dawa, hata mwarobaini, maji yake yanadhuru samaki. Mimi naokota kwa mkono asubuhi narushia kuku. Na juu ya tangi funga wavu uukaze pembe zote nne, kunguru wa hapa wanajua kufungua uliolegea.