Ukiandika myuteksi ya kerneli, anzia kwenye kulala

Wengi wanaotaka kuongeza myuteksi (kufuli linaloruhusu mchakato, yaani programu inayoendeshwa, mmoja tu kwa wakati) kwenye kerneli zao, yaani kiini cha mfumo endeshi, huanza na swali moja: nitumie amri gani ya prosesa kubadili 0 (wazi) kuwa 1 (limeshikwa) bila prosesa nyingine kuniingilia? Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Kwenye prosesa za aina ya RISC-V kuna amri ya amoswap, kwenye zile za x86 kuna xchg, na GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, itakuchagulia inayofaa. Ugumu uko kwingine: mchakato ukikuta kufuli limeshikwa unalala vipi, na nani anahakikisha kwamba utaamshwa.

Nina kerneli yangu ndogo ya RISC-V ninayoiendesha kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta; nimeijenga nikifuata mpangilio wa xv6, ile kerneli ya kufundishia ya MIT. Ushauri huu umetoka humo.

Kwanza utenganishe makufuli mawili. Anayekuta spinloki imefungwa hubaki akijaribu tena na tena, prosesa ikiwa mkononi mwake. Anayekuta myuteksi imefungwa hulala, na prosesa ikapewa mchakato mwingine. Myuteksi hujengwa juu ya spinloki: ndani yake kuna spinloki ndogo inayolinda jina la mwenye kufuli na foleni ya wanaosubiri. Spinloki ikiwa na kasoro, usipoteze muda na myuteksi.

Kabla ya kushika spinloki, zima interapti (ishara za vifaa zinazoikatiza prosesa kazi yake) kwenye prosesa hiyo. Tuseme mchakato umeshika spinloki ya diski, kisha interapti ya diski ikaingia kwenye prosesa ileile, na msimbo wa kuishughulikia nao ukaitaka spinloki hiyohiyo. Msimbo huo utazunguka ukimngoja mwenye kufuli aachie, naye hawezi kusogea hata hatua moja mpaka interapti iishe. Prosesa hiyo imekwama moja kwa moja. Ukiachia nako kuwe kwa hesabu: mwenye spinloki mbili akiachia moja, interapti zisiwake bado. Kila prosesa iwe na kihesabio chake, na kikirudi 0 ndipo interapti zirudi katika hali ziliyokuwa nayo mwanzoni.

Sasa tazama msimbo huu wa kushika myuteksi:

    shikaSpini(m.spini)
    wakati m.mwenyewe != hakuna:
        ingiaFoleni(m)
        achiaSpini(m.spini)
        lala()
        shikaSpini(m.spini)
    m.mwenyewe = mimi
    achiaSpini(m.spini)

Ukiusoma haraka hauna neno. Lakini kaa kwenye mstari wa nne na wa tano. Mchakato wangu umeshaingia kwenye foleni na umeachia spinloki, ila haujalala. Hapo katikati, prosesa nyingine inaachia myuteksi, inaniona kwenye foleni, inaniamsha: inaandika kwamba hali yangu ni tayari, na inaendelea na shughuli zake. Mimi nilikuwa macho muda wote. Amri inayofuata kwangu ni lala(), nami naandika kwamba nimelala. Myuteksi iko wazi, foleni haina mtu, na hakuna atakayeniamsha tena.

Dawa zinazofahamika ni mbili. Kwenye xv6, kulala na kuachia spinloki ni kazi moja: kazi ya kulala hupokea ile spinloki, ikashika kwanza kufuli la mchakato wenyewe, ndipo ikaachia spinloki, ikaandika hali ya kulala, na kufuli la mchakato huachiwa upande wa mpangaratiba, sehemu ya kerneli inayochagua mchakato wa kupewa prosesa. Anayeamsha naye lazima ashike kufuli hilohilo, kwa hiyo hawezi kupita katikati. Linux hutumia njia nyingine: mchakato huandika kwanza kwamba unalala, halafu hukagua tena kama kufuli liko wazi, ndipo huenda kwa mpangaratiba. Ukiamshwa kabla ya kufika huko, hali yake inarudi kuwa tayari na mpangaratiba hauondoi kwenye orodha ya wanaosubiri prosesa. Kwa kerneli ndogo nashauri njia ya xv6, kwa sababu unaweza kukaa na kalamu ukathibitisha kwamba mwanya haupo.

Usiamini jaribio lililopita mara moja. Washa QEMU kwa prosesa 4, kisha ongeza kwa makusudi kitanzi cha kupoteza muda kati ya ile mistari miwili. Hitilafu iliyokuwa ikijificha itajitokeza haraka, na ukishaweka dawa, kitanzi hicho kikae palepale mfumo uendelee kufanya kazi. Jambo la kuangalia sana: QEMU ikiendeshwa kwenye kompyuta ya x86 inaficha baadhi ya makosa ya mpangilio wa kumbukumbu, kwa kuwa x86 haipangui mfuatano wa uandishi kwenye kumbukumbu kama RISC-V inavyoruhusiwa kupangua. Kwa hiyo weka vizuizi vya kumbukumbu (amri zinazoizuia prosesa kupangua mfuatano huo) unaposhika na unapoachia hata kama majaribio yanapita bila hivyo, na ukipata bodi halisi ya RISC-V, jaribu huko.

Mwenye kufuli aandikwe tangu siku ya kwanza. Ukijua ni nani, kerneli inaweza kusimama hapohapo na kukuambia kwamba mchakato unajaribu kushika myuteksi iliyo mkononi mwake tayari, au kwamba anayeachia siye aliyeshika. Linganisha na kukaa mbele ya skrini iliyoganda bila neno. Ongeza ukaguzi mmoja zaidi: mtu akiita myuteksi huku ameshika spinloki, au akiwa ndani ya interapti, kerneli igome. Hapo hakuna ruhusa ya kulala, hata kama kufuli liko wazi leo.

Kuhusu vipaumbele, subiri mpaka mpangaratiba wako uwe navyo kweli. Vikishakuwepo, usichelewe. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilikuwa kikijiwasha upya kikiwa juu ya Mars kwa sababu kazi ya kipaumbele cha chini, ya vipimo vya hali ya hewa, ilishika myuteksi iliyohitajiwa na kazi ya juu, huku kazi za kati zikiinyima prosesa. Wahandisi walirekebisha wakiwa duniani kwa kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye myuteksi hiyo: mwenye kufuli huazimwa kipaumbele cha anayemsubiri mpaka aachie. Jina la mwenye kufuli uliloliandika mapema ndilo litakalokuwezesha kufanya hivyo, kwani bila jina huna wa kumpandisha.