Re: Fellowship ya chuo itanila muda wa kusoma?

Habari dogo, karibu Moshi. Nimekuelewa hivi: ndo unaanza MoCU, chuo kikuu cha ushirika hapa Moshi, mama anakusukuma ujiunge na wanafunzi wa Kilutheri, we unaogopa vipindi vya fellowship na michango vitakumaliza.

Cha kwanza angalia kundi lenyewe. Vyuo vingi Walutheri wako ndani ya USCF, fellowship ya wanafunzi wa vyuo iliyo chini ya CCT, jumuiya ya makanisa ya Kikristo Tanzania, pamoja na Waanglikana, Wamoraviani na wengine, kwa hiyo usitafute bango la KKKT, kanisa lenu la Kilutheri, tu ukakosa. Uliza kama kuna mchungaji anayewalea, maana pasipo na mlezi viongozi wanafunzi huwa wanapanga mikesha hadi wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, mi yalinikuta nikabeba sapu moja, yaani mtihani wa kurudia.

Ila faida niliiona mwaka wa pili, malaria imenilaza hosteli, boom, hela ya mkopo wa chuo, haijaingia, wa kwanza kugonga mlango ni jamaa wa besi kwenye kwaya, kabeba chupa ya uji na notsi za uhasibu alizonikopia kwa mkono, na hata darasa moja hatukuwa. Hiyo huipati kwenye grupu la WhatsApp.

Michango we sema mapema unaweza ngapi, sare ya kwaya niliikwepa muhula mzima na hakuna aliyeninunia. Na barua ya utambulisho toka usharika wenu chukua kabla hujapanda basi.

Wa Makumira, chuo cha Walutheri kule Arusha, siwasemei, mi nilikuwa hapa hapa Moshi.